Ufadhili wa Jamii kwa Mwanafunzi Anayeingia Chuo Kikuu: Ombi, Ushahidi na Amana

  



UTANGULIZI

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mlango wa ofisi ya madrasa yetu hapa Tunduma hupigwa hodi kuliko miezi mingine yote. Anakuja mzazi ameshika bahasha ya kaki, kijana wake yuko nyuma yake, na wote wawili wana haraka kwa sababu tarehe ya mwisho ya kutuma maombi ni keshokutwa. Wanataka kitu kimoja: barua. "Mwalimu, tuandikie kwamba huyu ni mtoto wetu wa Kiislamu, amesoma hapa, na hali ya nyumbani ni ngumu."

Somo letu la mwaka huu linahusu barua hiyo na yote yanayoizunguka. Tutaeleza ufadhili wa jamii ni nini, una asili gani katika dini yetu, mwombaji ajiandae vipi, na sisi tunaoandika barua tunabeba mzigo gani. Lengo letu ni jambo moja: ieleweke kwamba fedha ya jamii ni amana tangu siku ya kuombwa mpaka siku ya kurudishwa, na kwamba anayeiomba, anayemshuhudia na anayeigawa wote wataulizwa juu yake.

UFADHILI WA JAMII NI NINI?

Mwanafunzi wa Tanzania anayeingia chuo kikuu anaweza kugharimiwa kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni mfuko wa mzazi na ndugu. Ya pili ni mkopo wa serikali kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Ya tatu ni ufadhili unaotolewa kwa ufaulu peke yake, ambapo anayetazamwa ni aliyepata alama za juu.

Njia ya nne ndiyo ya somo letu. Ni ile ambayo kundi la watu waliofungwa pamoja na imani, mtaa, kabila au kazi hukusanya mali na kumsomesha mmoja wao. Tofauti yake na njia nyingine ni kwamba haitazami alama peke yake. Inauliza pia: Huyu ni nani kwetu? Nani anamjua? Akisoma, jamii itapata nini? Ndiyo maana fomu zake karibu zote zina nafasi ya imamu, mwalimu wa madrasa au kiongozi wa jumuiya kuandika na kupiga muhuri.

Mfano mkubwa unaotugusa sisi Waislamu wa Tanzania ni ule wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao makuu Jeddah, Saudi Arabia, iliyofunguliwa mwaka 1975. Mwaka 1983 benki hiyo ilianzisha mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu zilizo katika nchi ambazo si wanachama wake. Uganda na Msumbiji ni wanachama. Tanzania si mwanachama, kwa hiyo vijana wetu wanaingia katika kundi hilo. Mpango ulielekezwa zaidi katika taaluma ambazo jamii zina upungufu nazo, kama vile udaktari na uhandisi.

Jambo la kuzingatia ni namna fedha hiyo ilivyopangwa. Kwa mwanafunzi ni qardh hasan, yaani mkopo mwema usio na ziada. Kwa jamii yake ni msaada. Maana yake ni kwamba kijana akimaliza na kupata kazi anarejesha alichokopa, lakini hakirudi Jeddah. Kinaingia katika mfuko wa jamii yake mwenyewe ili kimsomeshe mwingine. Hivyo anayekopa na asirejeshe hajaidhulumu benki ya mbali. Amemdhulumu mtoto wa jirani yake ambaye labda bado yuko darasa la tatu.

Afrika Mashariki ina mifano mingine ya Waislamu kuchangiana kwa ajili ya elimu. Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilijengwa chuo cha ufundi cha Waislamu kwa michango iliyotoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na kinapokea vijana wa dini zote. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, yaliyotolewa na serikali wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Kabla yake, mwaka 1998, kilianzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu. Nyuma ya kila jengo kuna watu waliotoa mali yao bila kujua nani atakaa katika madawati yale.

ASILI YAKE KATIKA DINI

Wako wanaodhani kwamba barua ya uthibitisho ni mambo ya ofisi tu. La hasha. Imamu Muslim amepokea hadithi ya Swahaba Qabisa bin Mukhariq al-Hilali (r.a.). Alibeba dhamana ya deni kwa ajili ya kupatanisha watu, akamwendea Mtume (s.a.w.) kuomba msaada. Mtume alimwambia asubiri mpaka sadaka ije. Kisha akamfundisha kwamba kuomba hakuruhusiwi ila kwa watu watatu: aliyebeba dhamana kama hiyo mpaka aimalize, aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake, na aliyepatwa na ufukara kiasi kwamba watu watatu wenye akili katika jamaa zake wanasimama na kusema kwamba kweli fulani amefikwa na ufukara.

Tuitazame vizuri hadithi hii. Kwanza, haikusemwa mtu yeyote, bali watu wenye akili, yaani wanaojua kupima na kutofautisha. Pili, ni wa katika jamaa zake, yaani wanaojua anaishi vipi, si waliosimuliwa. Tatu, hawakutajwa ili kumdhalilisha masikini, bali ili haki yake isichukuliwe na asiyestahiki. Basi fomu inapodai sahihi ya imamu, ya mwalimu na ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, inafuata njia ambayo dini yetu iliijua zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Kisa kingine ni cha Imamu Abu Yusuf, aliyezaliwa Kufa katika familia masikini. Inasimuliwa kwamba baba yake alimtoa katika darasa la Imamu Abu Hanifa ili akatafute riziki. Abu Hanifa alipomkosa darasani aliuliza habari zake. Kijana alipofika na kueleza, mwalimu alimpa mfuko wa dirhamu 100, akamwambia arudi darasani na zikiisha amjulishe. Lakini hakungoja kujulishwa. Alikuwa akimpa tena kabla hajasema neno. Mwanafunzi yule ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu katika utawala wa Harun al-Rashid, na alifariki mwaka 182 Hijria, sawa na 798 Miladia. Hapa kuna somo kwetu walimu: Abu Hanifa alimjua mwanafunzi wake kiasi cha kutambua kwamba hayupo.

MAANDALIZI YA MWOMBAJI

Mwanafunzi mpenzi, ombi lako halianzi siku ya kujaza fomu. Linaanza ukiwa kidato cha tano, au kabla ya hapo. Yafuatayo ni mambo ambayo tumeona yakiwakwamisha vijana wetu wa Tunduma, Vwawa na vijiji vya Momba.

(i) Majina. Hili ndilo tatizo la kwanza kwa watoto wa Kiislamu. Kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa Muhammad, kwenye cheti cha kidato cha nne Mohamedi, na kwenye kitambulisho Mohammed. Au shuleni amejiandikisha kwa jina la ukoo, na kwenye cheti cha kuzaliwa kwa jina la babu. Mfadhili aliye mbali hajui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Linganisha vyeti vyako vyote mapema. Kama vinatofautiana, mwone wakili akuandalie kiapo au hati ya jina, na tumia tahajia moja katika kila fomu baada ya hapo.

(ii) Cheti cha kuzaliwa na cha kifo. Bodi ya Mikopo hutaka vyeti hivi vihakikiwe na RITA, na wafadhili wengi huvitaka pia. Yatima ambaye mzazi wake alizikwa bila kifo kusajiliwa hana cha kuonesha, ijapokuwa mtaa mzima ulihudhuria maziko. Ndugu wa marehemu wasajili vifo. Sisi ni watu wa mpakani, na wako watoto wetu waliozaliwa upande wa Nakonde mama zao walipokuwa huko kwa biashara au kwa jamaa. Mzazi wa mtoto kama huyo asikubali kushauriwa na yeyote kuandikisha kwamba mtoto alizaliwa Tunduma. Aende kwa msajili wa wilaya na ukweli wake wote, aulize utaratibu unaomhusu. Uongo huo mdogo utamfuata mtoto mpaka siku atakapoomba pasipoti ya kwenda kusoma nje.

(iii) Wakati. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, na maombi ya vyuo na mikopo huwa karibu na kipindi hicho hicho. Vijana wengi wakati huo wako katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo mzazi na mwana wapange kabla ya kuachana: vyeti viko wapi, nakala zimethibitishwa na wakili au hakimu, nani atakwenda steshenari kujaza fomu ya mtandaoni, na nani anajua neno la siri la barua pepe. Tumeona ombi zuri likipotea kwa sababu barua pepe ilifunguliwa na kijana wa steshenari na hakuna aliyejua namna ya kuifungua tena.

(iv) Kipato cha mzazi. Hapa Tunduma wazazi wengi hawana hati ya mshahara. Mmoja anabadilisha fedha, mwingine ana kibanda sokoni, mwingine ni utingo wa malori, mwingine analima kahawa huko Mbozi na hupata fedha mara moja kwa mwaka. Usiandike "baba ni mfanyabiashara" ukaishia hapo, wala usiandike "baba hana kazi" ilhali anayo. Eleza biashara yenyewe, wategemezi ni wangapi, miezi ipi ni mizuri na ipi ni mibaya. Kama kaya yenu imo katika mpango wa TASAF, taja na uambatanishe uthibitisho.

(v) Hesabu ya pengo. Mfadhili anataka kujua unapungukiwa na nini hasa. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Ada ya mwaka 1,200,000, malazi 300,000, chakula 5,000 kwa siku kwa siku 240, yaani 1,200,000, vitabu na vifaa 200,000, nauli 200,000. Jumla ni shilingi 3,100,000. Baba ataweza 600,000, mjomba ameahidi 300,000, mkopo wa Bodi ni 1,500,000. Jumla ya ulichonacho ni 2,400,000. Pengo ni 700,000. Basi omba 700,000, wala usiombe 3,100,000. Anayeomba kilichopungua tu humwachia mwenzake nafasi, na msomaji wa ombi lake huona mbele yake mtu mwaminifu anayejua hesabu.

NAMNA YA KUANDIKA BARUA YA MAOMBI

Vijana wengi huandika barua ya maombi kama khutba au kama kilio. Huanza na dua ndefu, kisha husema, "Mimi ni kijana masikini sana, nina ndoto kubwa za kuwa daktari, naombeni mnisaidie kwa ajili ya Allah." Msomaji anamaliza ukurasa mzima na hajui mwandishi anatoka wapi wala anahitaji nini.

Barua nzuri ina mambo matano: wewe ni nani na unatoka jamii gani, umepata nafasi chuo gani, masomo gani, na kwa alama zipi, nyumbani kukoje, umejaribu njia gani nyingine na pengo ni kiasi gani, na utarudisha nini kwa jamii. Tazama mfano huu:

"Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama anauza mboga sokoni na tuko watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza. Nimeomba mkopo wa Bodi na nakala ya ombi nimeambatanisha. Pengo langu kwa mwaka ni shilingi 700,000 kama hesabu inavyoonesha. Tangu kidato cha tatu nimekuwa nikifundisha watoto wa darasa la mwanzo katika madrasa yetu kila Jumamosi. Nikimaliza, nitarejesha nilichosaidiwa kwa utaratibu mtakaoupanga."

Hakuna kilio hapo, na hakuna majivuno. Kila sentensi inaweza kuthibitishwa na mtu. Na ukiitwa kwenye usaili utaulizwa juu ya hayo hayo. Aliyeandika kweli hana haja ya kukariri.

MKOPO NA SUALA LA RIBA

Wazazi wengi wametuuliza: Je, mkopo wa Bodi unafaa kwa Mwislamu? Swali hili lilikuwa zito zaidi zamani, kwa sababu mkopaji alikuwa akiongezewa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Wako vijana walioacha kuomba kwa ajili ya tozo hiyo. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta.

Kanuni ya wanazuoni ni kwamba ziada inayowekewa sharti katika mkopo ni riba, iitwe kwa jina lolote. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: usikimbie mkopo kwa sababu ya habari za zamani, na usisaini mkataba kwa kufuata mkumbo. Chukua mkataba wa mwaka wako, soma kila tozo iliyoandikwa, na kama kuna usiyoielewa, uliza wenye elimu ya fiqhi kabla ya kuweka sahihi. Deni lenyewe ni halali, na Suratul Baqara, aya ya 282, imeagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi. Bukhari amepokea kwamba anayechukua mali za watu akiwa na nia ya kulipa, Allah (s.w.) humsaidia kulipa, na anayezichukua kwa nia ya kuziangamiza, Allah humwangamiza. Basi nia ya kulipa iwekwe siku ya kusaini, isingoje siku ya kupata kazi.

MZIGO WA SHAHIDI

Hapa tunasema juu yetu wenyewe, na tunaona ni vyema kusema kweli mbele ya wazazi na wanafunzi wetu.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mzazi tunayemheshimu, mtu wa safu ya mbele msikitini. Mwanawe alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, na mfuko mmoja ulikuwa umetoa nafasi moja kwa msikiti wetu. Tuliandika kwamba familia ina hali duni. Hatukuuliza, na hatukufika nyumbani. Tuliona haya kumuuliza mtu mzima. Kijana alipata. Baadaye tulikuja kujua kwamba mzee yule alikuwa na nyumba mbili za kupangisha.

Mwaka huo huo kulikuwa na binti aliyekuwa akitusaidia kufundisha watoto wa Juzuu Amma. Mama yake alikuwa akiuza maandazi asubuhi karibu na stendi. Naye alikuwa amepata nafasi, ya kusomea ualimu wa sayansi. Hakuja kuomba barua, na sisi hatukujua kwamba alikuwa amechaguliwa. Tulipomuuliza mama yake mwaka uliofuata, alisema, "Niliona haya, mwalimu. Halafu nikasikia mmeshamwandikia mwingine." Binti yule hakwenda chuo. Leo anauza katika duka la vifaa vya simu, na mtoto wake yuko katika darasa letu la chini. Kila tukimpokea mtoto huyo mlangoni tunaikumbuka ile barua.

Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimamishe uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu, awe anayehusika ni tajiri au masikini. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alipotaja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi, akarudia kuutaja mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Huruma kwa mtu mmoja haimhalalishii shahidi kuandika asichokijua. Aidha, fedha nyingine za mifuko hii ni zaka, na zaka ina wenyewe wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Anayemwandikia asiyestahiki ameifikisha zaka mahali isipopaswa kufika.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu, nao ni huu:

(a) Hatuandiki barua kabla watu watatu, mmoja wao akiwa mwanamke, hawajafika nyumbani kwa mwombaji. Tumechukua idadi hiyo katika hadithi ya Qabisa.

(b) Tunaandika tulichokiona na tunachokijua tu: amesoma hapa tangu lini, mahudhurio yake, tabia yake, na hali tuliyoikuta. Tusichokijua hatukiandiki.

(c) Nakala ya kila barua inabaki katika jalada la madrasa, ili tuweze kuulizwa.

(d) Hatungojei kuombwa. Kila mwaka tunaandika majina ya wanafunzi wetu wa sasa na wa zamani wanaofanya mtihani wa kidato cha sita, na tunawaendea sisi.

Mzazi ambaye atatukuta tumekataa kuandika neno "yatima" kwa mtoto ambaye baba yake yuko hai upande wa pili wa boda, asituone tuna roho mbaya. Tutaandika kwamba baba hatoi matunzo, kama tumethibitisha hivyo. Huo nao ni ushahidi, na unatosha.

KWA WANAOONA HAYA

Suratul Baqara, aya ya 273, inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao. Wanajulikana kwa alama zao, hawawaombi watu kwa kung'ang'ania. Watu hao tunao hapa mjini. Nguo za watoto wao ni safi, ada ya madrasa wanalipa hata kwa kujinyima, na hutajua kwamba nyumbani jana hakukupikwa.

Kwenu ninyi tunasema: mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Lakini mtoto anayeomba qardh hasan, akasoma na akarejesha, hajaufanya mkono wake kuwa wa chini daima. Ameupokelea leo ili kesho uwe wa juu. Haya ni katika imani, ila isiwe sababu ya kuizima elimu ya mtoto.

Na kwa wazazi wa mabinti: tunajua hofu ya kumpeleka binti zaidi ya kilomita 900 mpaka Dar es Salaam. Hofu hiyo isimalizwe kwa kuificha barua ya chuo kabatini. Uliza kama chuo kina bweni la wasichana, tafuta jamaa au familia ya Kiislamu iliyo karibu, na angalia vyuo vya Mbeya, ambako si mbali na kwetu. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, unahitaji wauguzi, madaktari na walimu wa kike. Mama zetu wanapokwenda hospitali huuliza kama kuna mganga mwanamke. Basi huyo mganga mwanamke atatoka nyumba ya nani?

UKIPATA NA UKIKOSA

Ukipata, tuma taarifa ya maendeleo yako kila muhula hata kama hukuombwa. Ukihama kozi au ukishindwa mtihani, sema mapema. Likizo ukirudi, fika madrasa uwasaidie wadogo zako hesabu na Kiingereza. Na ukipata chanzo kingine cha fedha kikatosha, mjulishe mfadhili wa kwanza ili nafasi iende kwa mwingine. Hilo ni zito kwa nafsi, lakini ndilo linaloonesha amana.

Ukikosa, usiseme kwamba umedhulumiwa kabla hujajua sababu. Uliza kwa adabu, rekebisha kilichopungua, uombe tena. Mwaka mmoja wa kufanya kazi na kuweka akiba si mwaka uliopotea, mradi nafasi ya chuo uulize namna ya kuiahirisha au kuiomba upya. Na yeyote atakayekutaka hongo ili "akupitishie jina", muache na uje utuambie.

HITIMISHO

Tumeona kwamba ufadhili wa jamii unasimama juu ya ukweli wa watu watatu: mwombaji aseme hali yake ilivyo, shahidi aandike anachokijua, na mgawaji ampe anayestahiki. Mmoja akidanganya, kuna mtoto mahali fulani anayebaki nyumbani, naye mara nyingi ni yule asiyejua hata kwamba kulikuwa na nafasi. Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa mashahidi wa haki, awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atusamehe tulipokosea. Aamin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja watu watatu walioruhusiwa kuomba katika hadithi ya Qabisa (r.a.). Ni sharti gani limewekwa kwa wa tatu wao?

2. Eleza tofauti kati ya qardh hasan na mkopo wenye riba.

3. Kaa na mzazi wako mpige hesabu ya mwaka mmoja wa chuo. Pengo ni kiasi gani?

4. Linganisha majina yaliyo katika vyeti vyako vyote. Je, yanafanana herufi kwa herufi?

5. Rafiki yako anakuomba umshuhudie kwamba ni yatima, na wewe unajua baba yake yuko hai. Utamjibu nini, na utamsaidia vipi bila ya kusema uongo?

Wabillahi tawfiq.